Uzamivu wa jiografia ya maumbile: shika kijito kimoja, achana na bonde zima

Kokoto

Wakuu, kila baada ya muda anakuja mtu hapa kuomba ushauri wa mada ya uzamivu, na mada ni ile ile iliyobadilishwa nguo: "Tathmini ya athari za mabadiliko ya tabianchi na matumizi ya ardhi kwenye mmomonyoko wa udongo katika bonde la mto fulani, kwa kutumia GIS na picha za satelaiti." Bonde lina kilomita za mraba elfu kadhaa, muda ni miaka mitatu au minne, mtafiti ni mmoja. Msimamizi akikataa, lawama. Mimi nasema aliyekukatalia mapema amekutendea wema.

Tazameni tasnifu zilizoibeba fani hii. Ule mchoro wa Hjulström unaoonyesha mto unahitaji kasi gani kung'oa punje, kuibeba na kuitua, kila aliyesoma mito amekutana nao. Umo kwenye tasnifu ya Filip Hjulström ya mwaka 1935, Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden. Mto wake ulikuwa Fyris. Siyo Nile wala Amazon. Fyris ni mto mdogo unaopita katikati ya mji huo huo wa Uppsala. Mtu anatoka maabara, anachota maji, anarudi kupima tope asubuhi hiyo hiyo.

Stanley Schumm, aliyekuwa chini ya Arthur Strahler pale Columbia, alikwenda Perth Amboy, New Jersey, kwenye kipande kidogo cha ardhi ya kujazwa iliyokuwa inachimbika makorongo kwa kasi. Akapigilia vijiti, akapima. Kazi ikachapishwa 1956 na mpaka leo inasomwa, kwa sababu alichagua mahali ambapo ardhi inabadilika ndani ya muda wa mwanafunzi.

Na Anders Rapp. Bonde moja la Kärkevagge, kaskazini mwa Sweden, kuanzia 1952 hadi 1960. Alipima mawe yanayoanguka, maporomoko ya theluji, udongo unaotambaa, halafu akapima pia chumvi zilizoyeyuka majini. Alipojumlisha, maji yenye chumvi, yale usiyoyaona yakibeba chochote, ndiyo yalikuwa yanahamisha zaidi kuliko vishindo vyote vya mawe. Matokeo ya namna hiyo huyapati kwa kupaka rangi ramani.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mmoja: punguza eneo mpaka uweze kulipima mwenyewe.

Mgeni wa Makorongo

Mkuu Kokoto, hiyo mada uliyoiweka kwenye alama za kunukuu ni kama umefungua kompyuta yangu. Nimeanza uzamivu na tayari nina ramani ya RUSLE (kanuni ya kukadiria mmomonyoko wa udongo) ya bonde zima, ina rangi tano, kijani mpaka nyekundu. Nilidhani msimamizi ataifurahia. Aliitazama, akauliza: "Ramani hii ikiwa imekosea, utajuaje?" Kikao kikaishia hapo. Sasa nifanyeje, niitupe?

Pikseli

Usitupe. Ngoja wakubwa waje.

Mtahini Mstaafu

Nimekaa kwenye vyumba vya utetezi wa tasnifu kwa muda mrefu, na swali la msimamizi wako ndilo nami ningeanza nalo. Tuiweke sawa hii RUSLE, maana inatumika vibaya kuliko kitu chochote katika jiografia ya maumbile.

Mama yake ni USLE ya Wischmeier na Smith, iliyotolewa kama mwongozo 1965 na kurekebishwa 1978. Ilijengwa Marekani kwa data za viwanja vidogo vya majaribio mashambani, na kiwanja cha kiwango kina urefu wa mita 22.1 na mteremko wa asilimia 9. Kilichokadiriwa ni udongo unaoondoka kwenye mteremko wa shamba kwa mvua na maji yanayotandaa, wastani wa miaka mingi. Haihesabu makorongo, wala kingo za mto zinazobomoka, wala udongo unaotua chini ya mteremko kabla haujaufikia mto. Mwanafunzi anachukua namba za pikseli, yaani vijiraba vya ramani, anazijumlisha bonde zima, halafu anaandika: "mto unapoteza tani kadhaa kwa mwaka." Hapana. Mto haujapoteza kitu hapo. Umejumlisha miteremko ya mashamba ya kufikirika. Des Walling aliliandika tatizo hili vizuri mwaka 1983: kati ya udongo unaong'oka na udongo unaofika mtoni pana safari ndefu, na mwingi hubaki njiani.

Swali langu kwako, kijana: jina lako linasema makorongo. Kwenye bonde lako yapo?

Mgeni wa Makorongo

Yapo mengi sana, mzee wangu. Mengine mtu anasimama ndani haonekani.

Mtahini Mstaafu

Basi ramani yako imeacha nje kitu kikubwa kuliko vyote vinavyoonekana kwa macho. Tayari umepata swali la utafiti, hata kama hujalitambua.

Pikseli

Naomba kutofautiana na Kokoto kidogo, maana uzi umeanza kuwa wa kusifia vijiti na ndoo. Kuna mambo kijito kimoja hakitakuambia kamwe. Landsat ya kwanza, satelaiti ya kupiga picha za ardhi, ilirushwa Julai 1972, na tangu 2008 hazina yake yote imefunguliwa bure. Mwanafunzi wa leo ana zaidi ya nusu karne ya uso wa dunia mezani kwake. Hjulström hakuwa nayo.

Chukua barafu ya Kilimanjaro. Kati ya ramani ya 1912 na vipimo vya 2011 eneo la barafu limepungua kwa kama asilimia 85. Hilo linaonekana kwa kulinganisha ramani na picha tu, hata usipokanyaga kileleni.

Ila nakubali jambo moja: wanafunzi wengi wa upande wetu hawasomi chombo chao. Mifano miwili tu. Tarehe 31 Mei 2003 kifaa cha kusahihisha mistari kwenye Landsat 7 kiliharibika, na tangu hapo kila picha yake ina michirizi mitupu, karibu asilimia 22 ya picha. Nimeona kazi ambayo michirizi imejazwa kwa programu, halafu ikaitwa "mabadiliko ya uoto." Pili, SRTM, data ya mwinuko wa ardhi. Ulipimwa kwa rada kwa siku 11 mwezi Februari 2000. Penye msitu mnene rada haikufika chini, imesoma mahali fulani ndani ya majani. Na pikseli ni mita 30. Korongo la ndugu yetu hapa, lenye upana wa mita tano, kwenye SRTM halipo. Siyo kwamba halionekani vizuri. Halipo.

Kokoto

Pikseli, mfano wako wa Kilimanjaro nauchukua kwa mikono miwili, ila malizia hadithi. Picha zilisema barafu inapungua. Zilisema kwa nini? Hapo ndipo watu walipogawanyika. Lonnie Thompson na wenzake walichoronga barafu ile mwaka 2000 wakasisitiza ongezeko la joto. Kaser, Mölg, Hardy na wenzao waliweka vituo vya hali ya hewa na kupima nishati kwenye uso wa barafu, wakaonyesha kwamba kule kileleni hewa hukaa chini ya nyuzi sifuri, na zile kuta za barafu zilizosimama wima huliwa na jua moja kwa moja, barafu nyingi ikigeuka mvuke bila kupitia maji. Wakatilia mkazo ukavu: theluji kidogo, mawingu kidogo, uso mweusi zaidi unaofyonza jua. Eneo lile lile, picha zile zile, mchakato tofauti. Kilichosogeza mjadala ni vipimo vya juu ya barafu yenyewe.

Mwanajiolojia Chamberlin alishaonya 1890: mtafiti mwenye dhana moja huipenda kama mtoto wake, kwa hiyo abebe kadhaa kwa pamoja. Hiyo ningeibandika ukutani kwa kila mwanafunzi wa fani hii kuliko kanuni yoyote ya takwimu.

Mvua za Vuli

Mimi niko upande wa tabianchi na maji. Kokoto anazungumzia ukubwa wa eneo, lakini wengi wanaanguka kwenye urefu wa muda. Mtu ana data za mvua za miaka 30, anapitisha kipimo cha Mann-Kendall, kipimo cha takwimu cha kutafuta mwelekeo, anaupata, anaandika "mabadiliko ya tabianchi yamethibitika."

Kati ya 1961 na 1964 Ziwa Victoria lilipanda zaidi ya mita mbili kwa sababu ya mvua zisizo za kawaida. Likabaki juu kwa miaka mingi, likishuka polepole. Mwanafunzi anayeanza rekodi yake 1965 ataona ziwa linakauka. Anayeanza 1950 na kuishia 1970 ataona linafurika. Wote wana data sahihi na kipimo sahihi. Kilichowaponza ni tarehe ya kuanzia.

Na hili halikuanza jana. Harold Edwin Hurst alifanya kazi Misri kwa miongo mingi akitafuta bwawa la Nile liwe kubwa kiasi gani. Alitumia rekodi za kipimamaji cha Roda pale Cairo, ambazo zinarudi nyuma mpaka mwaka 622. Mwaka 1951 akaonyesha kwamba miaka ya maji mengi hujikusanya pamoja, na ya ukame vivyo hivyo, kupita kiasi ambacho bahati nasibu ingetoa. Mto una kumbukumbu. Kipimo cha Mann-Kendall cha kawaida kinachukulia kila mwaka hauujui uliopita. Ukikiweka kwenye mto wenye kumbukumbu bila marekebisho, kitakupa mwelekeo pasipo na mwelekeo. Mtahini anayeijua Nile atakumaliza hapo hapo.

Kwenye mvua za satelaiti nako, CHIRPS inaanza 1981, na imechanganywa na vipimamvua vya ardhini. Vikipungua vituo, ubora nao unabadilika katikati ya rekodi. Kabla ya kusema mvua imebadilika, angalia kama waliobadilika siyo wapimaji.

Tabaka

Nami niongeze la sisi tunaochimba matope ya maziwa, kwa kifupi. Ukitaka kwenda nyuma kuliko vipimo, chagua saa inayolingana na swali. Kaboni-14 ina nusumaisha (muda wa nusu yake kuoza) ya miaka 5,730 na inakufikisha kama miaka 50,000 nyuma, lakini kwa miaka mia ya karibuni haikusaidii sana. Huko kuna risasi-210, aina ya madini ya risasi yenye mnururisho, nusumaisha miaka 22 na kidogo, inatosha kwa karne moja na ushee. Kwa mchanga uliofukiwa kuna mbinu ya kupima mwanga uliohifadhiwa ndani ya punje za kwatzi: inakuambia lini punje iliona jua mara ya mwisho. Sampuli hizo zinachukuliwa ndani ya bomba lisilopitisha mwanga. Ukiifungua kidogo tu kuangalia kilichomo, saa imerudi sifuri.

Na tafadhali, usiandike "ziwa lilikauka mwaka 3412 kabla ya sasa." Andika tarehe pamoja na ukingo wake wa makosa.

Mgeni wa Makorongo

Asanteni sana wakuu, nimesoma nyote. Mzee Mtahini amesema tayari nina swali. Je, ni hili: tope linalojaza lambo letu la utafiti linatoka wapi, kwenye mashamba au kwenye makorongo? Lambo lina bonde dogo tu, kama kilomita za mraba kumi na mbili hivi, na mwaka wa kujengwa unajulikana.

Mtahini Mstaafu

Hapo sasa. Hilo lina majibu mawili au zaidi, na unaweza kukosea. Kwa mtahini hiyo ni sifa kubwa.

Tabaka

Na linapimika. Sesiamu-137, elementi yenye mnururisho, ilianguka kutoka angani wakati wa majaribio ya silaha za nyuklia, ikafikia kilele miaka ya mwanzo ya 1960, karibu na mkataba wa 1963 wa kuzuia majaribio ya hewani. Ilishika udongo wa juu. Kuta za korongo zimetoka chini kabisa, karibu hazina kitu. Tope la lambo likiwa na sesiamu kama ya mashamba, limetoka mashambani. Likiwa halina, ni makorongo au kingo. Likiwa katikati, unahesabu mgao.

Tahadhari mbili. Nusumaisha yake ni miaka 30, kwa hiyo ya mwaka 1963 imebaki kama robo tu. Na maeneo ya tropiki na kusini yalipata kidogo kuliko kaskazini, kwa sababu majaribio mengi yalifanyika huko kaskazini. Pima sampuli chache za majaribio kabla hujaandika bajeti. Ikiwa hafifu mno, tumia risasi-210 inayotoka angani, au muundo wa kemikali wa udongo, mradi mashamba na makorongo yatofautiane kweli.

Pikseli

Na makorongo yenyewe yapige picha kwa droni kabla ya mvua na baada ya mvua, utoe tofauti ya mwinuko. Weka alama za ardhini zilizopimwa vizuri, la sivyo umbo lote litapinda bila wewe kujua. Halafu fanya hesabu hii kabla ya kwenda uwandani: kila upimaji ukiwa na kosa la sentimita 5, tofauti ya pimo mbili ina kosa la kama sentimita 7, na kwa uhakika wa asilimia 95 huwezi kudai badiliko lolote chini ya sentimita 14. Ukuta wa korongo ukirudi nyuma nusu mita, uko salama. Shamba likipoteza milimita mbili, droni haitaliona, hata likiwa ndilo chanzo kikuu cha tope. Kwa hiyo usiseme mashamba hayana hasara kwa sababu tu droni haikuiona.

Kokoto

Hiyo aya ya Pikseli ni ya kunakili na kumpelekea msimamizi kama ilivyo.

Naongeza la lambo lenyewe. Pima kina chake, linganisha na ujazo wa michoro ya ujenzi, pata ujazo wa tope. Chukua uzito wa tope kwa ujazo, maana tope la chini limeshindiliwa kuliko la juu. Halafu kadiria ni kiasi gani kilipita juu ya njia ya kumwagia maji wakati wa mafuriko, kwa sababu lambo halishiki kila punje. Ukimaliza una namba moja ya kweli: tani zilizoingia tangu lijengwe. Hapo ndipo ramani yako ya rangi tano inarudi mezani. Ilinganishe na namba hiyo. Ikitofautiana, mgao wa Tabaka utakuambia ni kwa sababu ya makorongo au ni kwa sababu udongo umebaki njiani.

Kijito Kikavu

Nasoma kimya kimya, nina swali nje ya sayansi. Nina wasimamizi wawili. Mmoja wa maumbo ya ardhi, mwingine wa modeli. Mmoja anasema ongeza uwanda, mwingine anasema ongeza modeli. Kila rasimu inarudi na maoni yanayopingana.

Mtahini Mstaafu

Usiwapelekee rasimu kwa nyakati tofauti. Wape karatasi moja, siku moja, kikao kimoja. Na usipeleke sura nzima ya mapitio ya maandiko, hakuna atakayeisoma kwa makini. Peleka mchoro mmoja na ukurasa mmoja: swali, ulichopima, kinachoonekana, kinachotia shaka. Wakibishana juu ya mchoro mbele yako utajifunza zaidi ya kusoma maoni ya pembeni. Baada ya kikao andika makubaliano kwa mistari michache, uwatumie wote siku hiyo hiyo. Mwaka wa tatu, mmoja akisema "hatukukubaliana hivyo," unayo barua.

Mambo mengine ya kuandikiana mapema: data ni ya nani, majina kwenye makala yatapangwaje, na nani anashika usukani msimamizi akihama au akistaafu katikati. Haya watu huona aibu kuyauliza. Ulizeni mkiwa bado mnapendana.

Mvua za Vuli

Na uwanda unafuata kalenda ya mvua, haufuati kalenda ya chuo. Kibali kikichelewa mwezi mmoja umepoteza msimu, yaani mwaka. Anza na vibali kabla ya sura ya kwanza, vikiwemo vya kusafirisha udongo kama maabara iko nchi nyingine. Udongo una wadudu na magonjwa ya mimea, forodha hawautazami kama sayansi.

Mgeni wa Makorongo

Nimeandika upya: "Mchango wa makorongo na mashamba katika kujaa tope kwa lambo dogo: vipimo vya sesiamu, droni na kina." Nimempelekea msimamizi pamoja na hesabu ya sentimita 14. Amejibu mstari mmoja: niongeze dhana ya tatu, kwamba chanzo ni kingo za mto wenyewe, kisha tuonane Alhamisi.

Kokoto

Kingo nazo karibu hazina sesiamu, kama makorongo tu, mkuu. Kabla ya Alhamisi muulize Tabaka utavitenganishaje hivyo viwili.

Tabaka

Kwa kemikali, kama kingo ni mchanga ulioletwa na mto na makorongo yamechimba udongo wa mwamba wa pale pale. Kama vyote viwili ni udongo mmoja, havitatengana, na itabidi uviite chanzo kimoja cha chini ya ardhi. Chukua sampuli tano tano kila upande upime kwanza.